Mji Uliokataa Kuondoka

Sabina Geraghty alisikia habari za kubomolewa kwa nyumba yake kutoka kwa mteja aliyekuwa akitafuna mkate. Mteja mwenyewe ni Malachy, mtandika reli, mtu wa maneno mengi, ambaye mdomo wake ulikuwa haujui kupumzika hata ukiwa umejaa maharage. Alisema atamkosa shemeji kwa siku chache tu, maana huko Laramie, reli zinakoelekea, watakuwa wote tena. Festy, mume wa Sabina, ameshapata behewa.

"Behewa gani?" Sabina akauliza.

Wanaume wakainamia sahani zao kama watoto wa chuoni. Malachy akameza alichokuwa nacho, akatazama mlango, akatazama dari ya turubai.

"Kumbe hujaambiwa, shemeji," akasema. "Basi mimi sijasema kitu."

Ndiyo hivyo. Mwanamke ana mimba ya miezi saba, amesimama tangu alfajiri akikanda unga, na chumba kizima cha wanaume wasio na undugu naye wanajua atalala wapi wiki ijayo, yeye hajui. Sabina aliona uso unamwaka moto. Aliokota sahani tupu, akarudi jikoni, akaupiga ule unga kwa ngumi mpaka meza ikalia. Mkate wa jioni ulitoka mgumu, na hakuna mteja aliyethubutu kulalamika.

Nyumba yenyewe ilijengwa ili ibomolewe, hilo halikuwa siri. Ndivyo watu wa reli walivyojenga. Kila ubao ulipigwa namba kwa rangi nyeusi, misumari ilipigwa nusunusu ili iweze kung'oka, na paa ni turubai. Reli zikisogea mbele, mji unakunjwa, unapakiwa behewani, unateremshwa mahali pengine na kusimamishwa upya, baa kwa baa na kitanda kwa kitanda. Nyumba ya akina Geraghty ilikwisha kusimama North Platte, ikasimama Julesburg, na tangu majira ya baridi ilikuwa imesimama Cheyenne, kwenye kona, karibu kabisa na stesheni, mahali ambapo mtu akishuka kwenye treni na njaa yake hana budi kunusa mkate wa Sabina. Huko nyuma walikotoka palibaki makopo, chupa zilizovunjika na makaburi. Mawili kati ya makaburi hayo yalikuwa ya watoto wake, moja North Platte na moja Julesburg.

*

Festy alirudi saa ya kuwasha taa, akiburuta mguu wake ulioangukiwa na reli mwaka juzi. Alijua siri imetoka kabla hajavua kofia. Uso wa mke wake ulikuwa umemwambia yote.

Hakuwa mume mbaya. Hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na mguu ule ulipovunjika alijifunza kuosha sufuria bila kuona haya mbele ya wenzake. Lakini Julesburg ilimtia hofu. Kule walichelewa. Wenzao walihama na reli, yeye akasema watulie kidogo, wateja watakuwepo, na baada ya wiki mbili wakajikuta wamebaki na upepo na panya wa mashimo, wakila wenyewe mikate waliyooka wauze. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sasa kila siku alipotazama mtaa wa Cheyenne aliona mapengo: jana duka la viatu limeondoka, leo kinyozi, na leo hii asubuhi nyumba tatu zilizokuwa mbele yao zilikuwa mbao juu ya mikokoteni.

Sabina alimweleza yote aliyokuwa nayo moyoni. Alisema amechoka kuhama. Alisema mtoto huyu ni wa tatu, na wawili wa kwanza walimtoka safarini, mmoja wiki ile ile waliyobomoa nyumba. Walburga, yule mkunga wa Kijerumani wa nyuma ya kanisa, alikwisha kumpima na kumwambia mtoto amekaa vibaya tumboni, atahitaji mkono wa mtu anayejua kazi. Walburga haendi Laramie. Mumewe ni mwashi, na anajenga karakana ya reli kwa mawe.

"Kwa mawe, Festy," akasema. "Nani anajenga kwa mawe mahali anapotaka kuhama? Watu wanasema hapa patakuwa makao makuu, patakuwa na gavana."

"Julesburg nako walisema hivyo hivyo."

"Julesburg hukuona jiwe."

Festy akakaa kitandani, akaanza kuvua kiatu cha mguu mbovu polepole. "Mawe nimeyaona," akasema. "Mawe hayali mkate, Sabina. Wanaokula mkate wanaondoka."

Ilikuwa kweli. Asubuhi hiyo alikuwa amebakiwa na mikate kumi. Akamwambia basi yeye atangulie na wateja wake, amwachie nyumba mpaka ajifungue, atamfuata. Festy akaendelea kuhangaika na kamba za kiatu ambazo zilikwisha kufunguka.

"Kiwanja nimekwisha kukiuza," akasema. "Kwa Truesdell. Nilipata bei wakati bado kuna bei."

*

Abner Truesdell alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, mtu mrefu, mpole, mzee wa kanisa, mwenye harufu ya ngozi na mafuta. Sabina alimwendea kesho yake asubuhi akiwa amevaa shali yake nzuri na mkate wa moto chini ya mkono, maana kwao hawaendi kwa mtu na shida mikono mitupu. Dukani kulikuwa na wanunuzi wawili. Alingoja waondoke. Hawakuondoka, wakajifanya wanachagua hatamu.

Alimwomba Truesdell aivunje biashara ile. Pesa zipo zote, hazijaguswa, atazipata siku hiyo hiyo. Yule bwana akavuta kiti, akamketisha kwa sababu ya hali yake, na hiyo heshima ikamuumiza kuliko angefukuzwa, kwani sasa alikuwa amekaa chini anamtazama mtu aliyesimama.

"Mama," Truesdell akasema taratibu, "mimi sikununua kiwanja kwako."

"Najua, bwana. Lakini nyumba ile ndiyo inayolisha watu, na mimi ndiye ninayewalisha."

Mmoja wa wale wanunuzi akacheka puani. Truesdell hakucheka. Alifikiri kidogo, akasema ukweli ni kwamba hata yeye hajui kama amenunua kiwanja au amenunua vumbi, na mkewe amemgombeza usiku kucha. Kama Bwana Geraghty atakuja mwenyewe kabla ya jua kuchwa, aseme amebadili nia, wataichana karatasi na kila mtu ashike chake. Lakini aje mwenyewe. Mambo ya ardhi hayazungumzwi na mke wa mtu.

Sabina alitoka pale karibu anakimbia. Tumbo lilikuwa zito, matope ya theluji iliyoyeyuka yanamvuta viatu, lakini alikuwa na tumaini kwa mara ya kwanza tangu Malachy afungue mdomo wake. Alimkuta Festy nyuma ya nyumba anapaka namba za mbao rangi mpya ili zisomeke. Akamweleza, pumzi juu juu. Alidhani habari yenyewe itamsukuma. Kumbe alipotaja dukani, na wanunuzi wakiwepo, alimwona mumewe anageuka rangi.

"Umekwenda kuniombea kwa watu," Festy akasema.

"Nimekwenda kuombea kiwanja."

"Mbele ya watu. Jioni hii mji mzima utajua Geraghty anauza asubuhi na mke wake ananunua mchana."

Sabina akamwambia mji mzima unaondoka, aibu hiyo ataionea kwa nani. Akampigia magoti, na kwa tumbo lile kupiga magoti si mchezo, akamsihi kwa jina la mama yake aliyezikwa Galway, kwao ng'ambo ya bahari. Festy akamnyanyua kwa mikono miwili, kwa upole kabisa, akamketisha juu ya rundo la mbao. Kisha akarudi kwenye rangi yake. Jua lilipokaribia kuchwa Sabina alikuwa bado amekaa pale pale, anatazama upande wa duka la matandiko, na mumewe anatazama mbao. Duka likafungwa.

*

Behewa lao lilipangwa Ijumaa, na Ijumaa hiyo ilikuwa Mosi Mei.

Sabina alikumbuka usiku wa kuamkia siku hiyo, akaona aibu kwa furaha aliyoipata. Kwao Galway, siku ya Mosi Mei moto hautoki nyumbani. Hutoi kaa kwa jirani, humwagi jivu nje, humpi mtu chumvi wala maziwa, maana ukitoa unatoa baraka ya nyumba kwa mwaka mzima. Kuhama siku hiyo ndiyo usiseme. Na moto wa Sabina ulikuwa moto wa ukoo. Tangu North Platte hakuwahi kuuacha uzime. Kila walipohama alichukua makaa ndani ya chungu cha chuma, akayafunika jivu, akayapakata njiani kote, na kitu cha kwanza kuwekwa mahali papya kilikuwa makaa hayo.

Asubuhi Malachy na wenzake walikuja na mitaimbo kusaidia kazi, wakitegemea kifungua kinywa cha bure. Turubai likashushwa. Jua likaingia jikoni mahali ambapo halijawahi kufika, likamulika masizi. Sabina alikuwa amekaa mbele ya jiko na chungu kikiwa tupu miguuni pake.

"Leo siwezi kuutoa moto," akamwambia mumewe. "Leo ni Mosi Mei. Kesho nitakwenda popote unaponipeleka."

Wanaume wakasimamisha mitaimbo. Wengi wao walikuwa watu wa kule kule, na hakuna aliyecheka, hata Malachy. Festy akavua kofia. Kwa muda mrefu alitazama makaa, na Sabina akaona anauamini mwiko huo, tena kuliko yeye. Kisha akatoka akiburuta mguu kuelekea stesheni kumwomba msimamizi wa mabehewa siku moja tu.

Wakangoja. Malachy akazungumza juu ya hali ya hewa. Walburga, aliyekuwa amekuja kuaga na kitambaa cha kumfungia mtoto, akakaa karibu na Sabina, akamshika kifundo cha mkono kama anayempima mapigo. Sabina alikuwa anahesabu kichwani: leo wasipokwenda, behewa litachukuliwa na mwingine, na jingine si la wiki hii, na wiki moja ikipita labda Festy naye ataona mji haujafa. Alihitaji wiki moja.

Festy alirudi. Msimamizi alikuwa amemwambia behewa ni la leo, kesho kuna mwenye meza za kamari, tena mwenye kulipa mara mbili. Alilieleza hilo huku akitazama ardhi. Mtu mwingine angemlaani msimamizi. Yeye alisema tu, "Hatuna la kufanya, Sabina."

"Lipo. Kukaa."

Kwa akili ya Festy, moto ukizimwa ndani haujatoka, basi mwiko haujavunjwa, na hiyo ndiyo njia pekee aliyoiona mtu yule, aliyebanwa kati ya behewa na hofu ya kwao. Akainua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akaimimina juu ya makaa.

Mvuke ukapanda hadi mahali palipokuwa na dari. Mmoja wa wanaume akafanya ishara ya msalaba. Sabina alishikilia tumbo kwa mikono yote miwili, na Walburga akamfunga kile kitambaa kiunoni, akakikaza vizuri, akamwambia kwa Kiingereza chake kibovu asinyanyue kitu chochote kizito. Kisha mitaimbo ikaanza kazi. Kufikia saa sita za mchana nyumba ilikuwa juu ya behewa, na Sabina juu ya nyumba, amekaa kwenye mlango uliolazwa chali.

*

Laramie walikaa mpaka reli zikaipita. Wakafuata. Mwezi wa saba wakasimamisha nyumba katika mji ulioitwa Benton, jangwani, mahali ambapo vumbi jeupe lilimfika mtu vifundoni na maji yaliletwa kwa mapipa kutoka mtoni na kuuzwa kwa ndoo. Wateja walikuwa wengi, hilo Festy alisema kweli. Mtoto alizaliwa huko, hapakuwa na mkunga, alikuwepo mwanamke wa baa ambaye aliwahi kuona ndama akivutwa. Alikuwa msichana. Walimbatiza wenyewe kwa maji ya kununua, wakamwita Delia.

Delia aliishi mpaka katikati ya mwezi wa nane. Alikuwa na macho ya Festy, na alizoea kulala mchana ndani ya sanduku la unga, meza ya mkate ikitikisika juu yake. Kisha tumbo likamharibika, na maji yale ya ndoo hayakuwa ya kumpa mtoto, nayo mengine hayakuwepo. Festy alimtengenezea jeneza kwa ubao wa nyumba. Hakuupaka rangi, na namba yake ilibaki inasomeka ubavuni. Sabina alimwona anajaribu kuifuta kwa kucha, akamwambia aiache.

Mwezi wa tisa reli zikasogea, Benton ikakunjwa. Hata hema moja halikubaki. Nao wakasogea, maana kubaki pale kungekuwa kujiua, na Sabina hakubisha tena. Alikuwa hana tena cha kubishia. Wakaenda mbele, na mbele zaidi, mbao zikipungua kila mahali, nyingine zikichomwa kwa baridi, mpaka majira ya machipuo yaliyofuata reli za mashariki zikakutana na reli za magharibi. Watu walipiga mizinga na kunywa. Festy alisimama pembeni na mguu wake. Hapakuwa na mbele tena ya kuhamia.

*

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Walirudi Cheyenne mwezi wa kumi wakiwa na vifurushi viwili, wakapokewa na Walburga, akawapa chumba cha nyuma kilichokuwa cha kuku.

Mji haukuwa umekufa. Ulikuwa umepungua, ukakonda, halafu ukanenepa. Gavana alikuwa amefika na kupachagua kuwa makao makuu ya jimbo jipya, na sasa wajumbe wa baraza walikuwa wamejaa kila nyumba ya wageni, wana makoti marefu na kofia ndefu, wanabishana mitaani juu ya sheria. Karakana ya mawe ilikuwa inafuka moshi usiku na mchana. Pale kwenye kona, Truesdell alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya ghorofa moja, chini mgahawa, juu vyumba vya waheshimiwa. Alipomwona Sabina alivua kofia na kuuliza habari za mtoto. Alipoambiwa, alisimama pale na kofia mkononi. Siku ya pili akamtumia habari kwamba jikoni kwake anahitajika mwoka mikate. Sabina akaenda, angefanya nini? Akawa anaoka pale pale alipokuwa akioka, mikate ile ile, ya mtu mwingine.

Festy alipata kazi ya kufagia karakana. Jioni alikaa chumbani anatazama mikono yake. Siku Walburga alipoleta habari kwamba baraza limepitisha sheria, mke anaweza kumiliki kiwanja kwa jina lake mwenyewe, tena wanawake watapiga kura, alikuwa anacheka kwa furaha mpaka alipoona nyuso zao. Festy akainuka, akatoka nje kwenye theluji bila koti. Sabina akamfuata na koti, akamvika. Hakuwa na hasira naye. Hasira ingemtia joto kidogo, lakini hakuwa nayo.

"Nilidhani nakuokoa," Festy akasema.

"Najua."

Kitu kimoja tu Sabina alikitaka, na alikiwekea akiba senti kwa senti kutoka kwenye mshahara wa mikate. Alitaka kwenda kuweka msalaba wa chuma Benton. Mwashi mume wa Walburga alikwisha kumwombea vipande karakanani, na Festy mwenyewe akauunga. Siku ya Jumamosi walikwenda stesheni wote wawili, wamevaa nguo safi, msalaba umefungwa ndani ya gunia. Wakapanga foleni na wajumbe waliokuwa wanarudi makwao baada ya baraza kufungwa.

"Benton," Sabina akasema, akafungua leso yenye pesa.

Mkata tiketi alikuwa mwanamume mwenye miwani, mgeni mjini, mwenye adabu. Akapitisha kidole kwenye ubao wa vituo mara mbili. Akasema kituo hicho hakipo.

"Kilikuwepo mwaka jana," Sabina akasema. "Watu elfu tatu."

"Labda, mama. Mimi sikukikuta."

Festy akamwelekeza: mashariki mwa mto, baada ya mabonde meupe, kabla ya daraja. Yule bwana akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Treni haisimami sehemu hiyo, hapana maji wala mtu. Kituo cha karibu ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na majira haya haendi mtu akarudi. Sabina akamwambia basi amkatie ya kwenda mbele zaidi, kokote, apite tu. Atakaa dirishani. Anajua kilima cha kutazama.

Mkata tiketi akavua miwani. Nyuma yao bwana mmoja mwenye kofia ndefu alikuwa ametoa saa yake mfukoni.

"Treni inapita pale saa nane za usiku, mama," mkata tiketi akasema. "Wala haipunguzi mwendo. Hutaona kitu."

Sabina akauliza kama iko siku inapopita mchana. Akaambiwa treni ni moja tu. Akazifunga pesa zake kwenye leso, akampisha yule mheshimiwa, naye Festy akaliinua gunia begani.